Mzee Werema na Wageni Waliotaka Ndege

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1999, jioni, Mzee Werema Nchagwa atafunga lango la Hifadhi ya Kinamasi cha Nyachar kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wetu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba. Tunasikia redioni kwamba siku hiyohiyo dunia nzima inaogopa kompyuta kuzimika saa sita usiku. Sisi wa Nyachar hatuna kompyuta. Hofu yetu ni funguo, maana Mzee anazitambua zote kwa kuzipapasa tu, na hajawahi kuutia alama hata mmoja.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni Metrine, karani wa ofisi. Wengi mlitarajia msimamizi wetu, Bwana Mayaka, aandike, kwa sababu ana Kiswahili cha redio. Alikataa, akasema mtu aliyekaa na Mzee jikoni akinywa chai ndiye anayemjua. Hapo alisema kweli. Kwa hiyo mkikuta utani humu msinilaumu, lawama zipelekeni kwa birika.

Mzee Werema ni Mkuria, mzaliwa wa upande wa Isebania, mpakani kabisa, mahali ambapo, kwa maneno yake, mbuzi wako akienda kunywa maji anaweza kurudi na uraia mwingine. Alikuja huku mwaka 1972, kijana mrefu wa miaka ishirini na minane, akimsindikiza mjomba wake kuuza ng'ombe soko la Rodi Kopany. Ng'ombe waliuzwa, mjomba akarudi, yeye akabaki. Alikuwa amesikia kwamba hifadhi mpya inatafuta askari wa lango. Hakuna aliyekumbuka kumwuliza kama anajua ndege. Alijua kuku, na kanga kidogo.

Alianzia langoni. Mwaka 1979 akakabidhiwa mtumbwi, mwaka 1986 akawa kiongozi wa wageni, na tangu 1992 amekuwa mkuu wa walinzi, cheo kilichomletea koti jipya, filimbi, na walinzi wawili wa kuongoza, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe. Ndiye aliyejenga kibanda cha kujifichia watazamaji wa ndege, cha miti na mafunjo, pale penye mkono wa maji tunaouita Kidole. Mafunjo yaliposhika moto wakati wa ukame wa mwaka 1984, ndiye aliyesimama mstari wa mbele na tawi bichi mkononi mpaka kijiji kizima kikamfuata na ndoo. Na ndiye aliyemkuta kiboko amesimama langoni asubuhi moja, akamzuia nje mpaka akaondoka mwenyewe, kisha akatueleza kwamba mnyama yule hakuwa na tikiti, na sheria ni sheria.

Lakini jambo linalomtambulisha Mzee kuliko yote ni Kijaluo chake. Kikuria anacho cha kuzaliwa, Kiswahili anacho cha kutosha kutoza faini. Kijaluo kilimwingia kwa mlango wa nyuma. Wenyeji mnajua kwamba wageni ni wendo, na kanga, yule ndege wa madoadoa, ni awendo. Tofauti ni herufi moja tu. Mwaka wake wa kwanza alimpelekea habari Elkana, mpishi wetu wa siku hizo, kwamba awendo watano wamefika langoni na waandaliwe upesi. Maafisa watano wa elimu walipoingia jikoni kuulizia chai walimkuta Elkana ananoa kisu, na maji ya kunyonyolea yanatokota.

Filister, binti wa hapa kijijini na msukaji wa mikeka ya mafunjo, alimwonea huruma akaanza kumfundisha. Somo liliendelea mpaka likawa ndoa. Kama mwalimu, Filister alikuwa na ushauri mmoja mkubwa: fupisha, mume wangu, ukisema kidogo utakosea kidogo. Ushauri mzuri kabisa, na ndio uliotaka kutuangamiza mwaka 1996.

Mwaka huo hali ilikuwa mbaya. Kamati iliyosimamia hifadhi wakati ule ilitangaza kwamba kinamasi kisicholeta wageni kitakaushwa kilimwe mpunga, na watumishi tutatawanywa. Mimi sikuogopa sana, karani hakosi meza. Kwa Mzee Werema lilikuwa jambo lingine. Alikuwa akiishi na Filister na watoto katika nyumba ya kazi, hapa nyuma ya lango. Shamba la baba yake kule Isebania ndugu zake walikuwa wameshaligawana, wakisema aliyeoa ziwani harudi. Na hapa Nyachar alikuwa jadak, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake, ambaye akifungasha leo hakuna wa kumshika mkono. Kinamasi kikifa, hakuwa na pa kumlaza mkewe. Alilijua hilo, sisi tulilijua, na hakulitamka. Alianza tu kuzunguka hifadhi mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Bwana Mayaka akapata wazo. Kulikuwa na chama cha wapiga picha wa ndege huko Nairobi, watu wanaotoa kalenda kila mwaka. Aliwaomba waje Nyachar, wakakubali kuja siku moja mwezi wa Mei. Wakipata picha za maana, Nyachar ingeingia kwenye kalenda, na wao wangerudi kila mwaka na wenzao. Mwenyekiti wa kamati aliposikia, alisema sawa, yeye angengoja aone hiyo kalenda. Basi kinamasi, mpunga, na nyumba ya Mzee vyote vikaning'inia kwenye asubuhi moja.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Mzee alishuka bichi, pale ufukweni mitumbwi inapotua, wakati samaki wanauzwa na watu wamejaa. Alitaka kuwaambia kwamba kesho wageni wanakuja, wageni hao wanataka ndege, kwa hiyo tafadhali pasiwe na makelele. Akakumbuka ushauri wa mkewe, akafupisha. Mtu akisikia kwamba wageni wanataka ndege, aliwaza, mambo ya kunyamaza si atayaelewa mwenyewe? Ndege ni winyo. Kusikia ni winjo. Mzee alipanda juu ya kreti ya samaki, akasafisha koo, na ulimi wake wa Kikuria ukateleza. Akatangaza: "Kiny wendo biro. Wendo dwaro winjo." Kesho wageni wanakuja. Wageni wanataka kusikia.

Sasa oneni ubaya wa jambo hili. Siku nyingine zote Mzee akifungua kinywa kwa Kijaluo watu hucheka na kumsahihisha. Jioni ile sentensi ilikuwa safi, imenyooka, haina kasoro ya kumsahihisha. Hakuna aliyecheka. Filister mwenyewe alikuwapo na karai lake la omena, wale dagaa wa ziwani, na alituambia baadaye kwamba moyo wake ulijaa fahari, akasema kumbe mwanafunzi wangu amefuzu. Mzee alirudi ofisini kifua mbele, akaniambia, "Metrine, leo nimeongea kama wao kabisa. Watu wametulia tuli." Nikampongeza. Kisha akaenda kulala kibandani, achunge kisije kikaharibiwa usiku, na kwa hiyo hakujua kilichokuwa kinaendelea nyumbani kwake.

Mnazijua desturi zetu. Katika nchi hii mgeni yeyote, hata aliyekuja kupima kina cha matope, lazima kikundi cha akina mama kimwimbie. Hao ni wageni ambao hawajaomba. Sasa hawa wa Nairobi wametuma neno wenyewe kwamba wanataka kusikia. Kikundi cha akina mama cha Nyachar, ambacho mwenyekiti wake ni Filister, kilikusanyika usiku huohuo kikatunga wimbo mpya.

Wageni walilala Homa Bay, wakapita Rodi Kopany kungali giza, Land Rover ikakwama matopeni karibu na Magunga, na wakatufikia jua linachomoza, wamechafuka lakini bado wana adabu. Kiongozi wao alikuwa Bi. Orpah Bichage, mwanamke wa maneno machache na kofia pana. Nyuma yake alikuja Jeff, kijana aliyebeba lenzi nene kama mchi wa kutwangia, na wenzao wawili au watatu. Mzee aliwaingiza kibandani, akaweka kidole mdomoni, akawaonyesha kibao alichokiandika kwa mkono wake: KIMYA. NDEGE WANASIKIA. Mimi nilikuwa nimejibanza pembeni na birika la chai.

Basi tukanyamaza. Mtu akitaka kukohoa alimeza. Jua lilipanda, mbu wakatushughulikia, na yangeyange wote wakabaki ng'ambo ya maji, weupe mdogomdogo usio na faida kwa kamera. Korongo taji, wale ndege warefu wenye nyuzi za dhahabu kichwani, ambao ndio hasa wageni waliwajia, walionekana mara moja moja, vichwa tu, mbali ndani ya mafunjo. Ndege pekee aliyetukaribia alikuwa mdiria mdogo wa samawati. Alitua juu ya lenzi ya Jeff, mahali pekee ambapo Jeff hakuweza kumpiga picha, akakaa hapo akichungulia samaki, kisha akaenda zake. Jeff alifumba macho, na nadhani alisinzia.

Mzee alikuwa akitazama maji, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Kila Bi. Orpah alipoinua kamera na kuishusha bila kufyatua, Mzee aliigusa filimbi yake kifuani. Nilimhurumia mpaka nikasahau kugawa chai.

Ndipo ngoma ikalia.

Walikuja kwa njia ya bichi, kikundi kizima, na leso nyekundu za sare, kayamba, na ngoma mbili. Mzee Nashon, mkubwa wa ukoo wenye ardhi hii, alikuwa kati yao akikwaruza orutu, lile zeze la uzi mmoja. Mbele yao wote alitembea Filister, akiongoza kwa ile sauti yake ambayo mtu aliye ng'ambo ya ghuba angejua ni ya nani. Ngoma ilipopiga mara ya pili, kila ndege aliyekuwa bado anaonekana aliinuka. Yangeyange wakaenda. Kwarara wakaenda. Vichwa vya korongo vikazama. Maji yakimwagika hayazoleki. Bi. Orpah aliiweka kamera mapajani, akaifunika lenzi kwa kifuniko chake, na afadhali angetukana.

Mzee alitoka mbio. Tope likaikamata gambuti moja, hakuirudia. Alifika mbele ya mkewe mguu mmoja mtupu, mikono juu, akihema. Filister hakuukatiza wimbo kwa sababu ya mume. Alimaliza ubeti, kisha akamwuliza kwa Kiswahili ili na sisi tusikie: "Si ulisema wageni wanataka kusikia? Tumekuja wasikie." Nilimwona Mzee midomo ikimcheza, winyo, winjo, winyo, mpaka akalikuta kosa lake pale lilipokuwa limekaa. Akajishika kichwa.

Huku nyuma Bwana Mayaka alikuwa juu ya tuta akipunga mkono: waondoe, waondoe. Na Mzee angeweza. Alikuwa mkuu wa walinzi, koti mwilini na filimbi kifuani. Angeipuliza mara moja, akina mama wangetawanyika, na baada ya kimya cha kutosha labda ndege wangerudi, picha ingepatikana, na nyumba yake ingepona. Upande mmoja kulikuwa na nyumba hiyo. Upande wa pili kulikuwa na wanawake walioacha usingizi kutunga wimbo kwa neno lake, na mzee wa mvi aliyeshuka mlimani kwa miguu na orutu yake. Sisi sote tuliitazama ile filimbi.

Mzee Werema akavua kofia. Akarudi mpaka kibandani kwa mguu wake wa matope, akamwambia Bi. Orpah, "Madam, kosa ni langu, la ulimi wangu. Hawa wamekuja kuwaimbia. Hapa kwetu mgeni anayeimbiwa huketi. Naomba mketi."

Bi. Orpah alimtazama, akatazama mguu, akatazama akina mama. Kisha akatoka, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, peupe kabisa, na wenzake wakamfuata. Wakaimbiwa. Wimbo wa kwanza uliwakaribisha kwa majina yasiyo yao. Wa pili uliisifu barabara yetu, ambayo hatuna. Wa tatu ulimsifu Jeff kwa kuipakata kamera kama baba wa mtoto mchanga, na Jeff, ambaye alikuwa ameamka sasa, aliona haya mpaka masikioni. Nyoyo ikapakuliwa, mahindi na maharagwe ya moto, na chai yangu hatimaye ikapata kazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji wetu mmoja hakuwa na dalili za kupona. Alikuwa ameketi ukingoni, anaitafuta gambuti kwa macho, na nilijua haikuwa gambuti anayoiwazia.

Nyimbo zilipokwisha akina mama hawakwenda nyumbani. Wameshafika majini, mapanga yako viunoni, mafunjo yamekomaa, warudi kufanya nini? Waliweka ngoma chini wakaingia kukata. Na ndani ya mafunjo huwa hawanyamazi, kwa sababu mafunjo ni marefu kuliko mtu, na kila mmoja anataka mwenzake ajue alipo. Kiboko naye ajue, asije akashtuka. Kwa hiyo huimba, huitana, na husengenya kwa sauti ambayo anayesengenywa akiwa karibu atajibu mwenyewe.

Yangeyange mmoja akarudi. Alitua nyuma ya Filister, pale palipokuwa pamefyekwa, akaokota chura. Akaja wa pili, kisha kundi. Kwarara wakafika na midomo yao iliyopinda, wakaanza kuchokoa matope. Sisi kwenye mtumbwi tulikuwa tumeshika sahani za nyoyo hewani. Halafu mafunjo yakafunguka wakatoka korongo taji wawili, dume na jike, na nyuma yao vifaranga vya rangi ya udongo vinavyojikwaa. Walitembea kuwafuata akina mama kama watu wanaookota masazo ya mavuno, dhahabu ya vichwani ikipigwa na jua, hawana habari na mtu. Akina mama hawakugeuka kuwatazama. Huwaona hivyo kila wakikata, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni habari. Mzee mwenyewe hakuwahi kuwaona hivyo, kwa kuwa siku zote za wageni alikuwa akiwakataza akina mama kuingia majini.

Bi. Orpah alianza taratibu, kisha akawa anafyatua bila kupumzika. Jeff aliishiwa filamu katikati ya mambo. Mama mmoja akamfunika na leso yake kuzuia jua ili abadilishe, na chini ya ile leso tulisikia mtu mzima akicheka peke yake. Korongo dume alifikia hatua ya kutandaza mbawa na kurukaruka mbele ya mkewe, na nilipogeuka kumwonyesha Mzee Werema nikakuta ameshaona. Alikuwa amesimama, kofia bado mkononi, machozi yanamteremka waziwazi, wala hakuyafuta.

Filamu zilipokwisha Bi. Orpah alijipepea na kofia yake pana, akasema maneno ambayo tumeyarudia mara nyingi tangu siku hiyo: "Mzee, kwa ndege wako, mtu anayenyamaza anawinda. Anayeimba ana kazi zake." Nikawafikiria wategaji wa tombo wanaojilaza kimya karibu na vizimba vyao, na vijana wenye manati, kisha nikatufikiria sisi tulivyojibanza kibandani asubuhi nzima na mchi wa Jeff ukichungulia tunduni. Lo, hata mimi ningekuwa korongo ningekaa mbali.

Kalenda ya mwaka 1997 ilitoka, na mwezi wa Mei ulikuwa wetu: korongo taji wawili na vifaranga, wazi kabisa, na nyuma yao wekundu uliofifia wa leso, ambao ni mgongo wa Filister. Filister mpaka leo analalamika kwamba mgongo wake umefika Nairobi na uso umebaki. Mwenyekiti wa kamati aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akauliza kama kweli ni hapa kwetu. Mpunga ukaahirishwa mwaka mmoja, kisha mwingine, kisha watu wakaacha kuutaja. Wapiga picha wamerudi kila Mei, na wengine wamewafuata. Kile kibao cha KIMYA Mzee alikipaka rangi mwenyewe mpaka maneno yakafutika, akinung'unika kidogo kwa sababu aliupenda mwandiko wake, na siku za wageni sasa akina mama ndio hutangulia na mapanga. Huo, ndugu wasomaji, ndio mchango wa Mzee Werema Nchagwa katika elimu ya ndege, na ulitokana na herufi.

Ila nyumba ya kazi ni nyumba ya kazi. Mtumishi akistaafu hurudisha ufunguo. Tangu mwanzo wa mwaka huu tulimwona Mzee akizunguka tena hifadhi kupita mahitaji ya kazi, na hatukuhitaji kuuliza. Alimwambia Filister kwamba watapanga chumba Rodi Kopany, karibu na mwana wao wa kwanza, Maxwell, ambaye ni fundi wa baiskeli pale sokoni. Filister alikubali kwa kinywa na kukataa kwa uso. Mwanamke aliyesuka mikeka maisha yake yote atakwenda kukaa mahali pasipo na funjo hata moja. Nilikuwa nikiwatazama jioni wakikaa mlangoni wakiyatazama mafunjo, na niliumia.

Mwezi uliopita Mzee Nashon alimwita. Alimwambia kwamba ukoo umekaa, umezungumza, na kwamba pana kipande cha ardhi hapo juu ya tuta, upande wa pili wa lango, ambacho hakina mtu. Mzee Werema, kwa uaminifu wake unaochosha, alianza kueleza kwamba yeye ni jadak na hataki kuuletea ukoo maneno ya watu. Mzee Nashon alimwacha amalize. Kisha akasema, "Siku ile ulikuwa na filimbi kifuani. Jadak angeipuliza."

Mtu anapoanzisha boma jipya katika nchi hii hajipeleki mwenyewe kiwanjani. Hutoka alfajiri na jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza amebeba shoka, mkewe amebeba moto, na mbele yao hutembea baba yake, ndiye wa kumwonyesha mahali. Baba yake Werema alizikwa Ukuria zamani. Tuliokwenda kutazama asubuhi ile tulimwona na jogoo wake, Maxwell na shoka, Filister na makaa kwenye chungu. Mbele yao alikuwa Mzee Nashon, taratibu kwa sababu ya magoti, akapanda mpaka juu ya tuta, akasimama, akapiga kisigino ardhini na kusema, "Hapa, mwanangu."

Mzee Werema, asante kwa lango, kwa mtumbwi, kwa moto uliouzima, na kwa chai tulizokunywa pamoja. Wafanyakazi wenzako, akina mama wa Nyachar, Bi. Orpah na watu wake waliotuma salamu, sote tumekuja leo kukushukuru. Wastaafu wengine huagwa kwa kutakiwa safari njema. Wewe huna safari. Ishi salama, uzeeke vizuri na Filister wako, mle mnono, mlale pasipo hofu, hapo kwenu.